Mikia Kwenye Tope

Nilikuwa nimesimama katikati ya mto nikiuliza mto uko wapi. Kijana wa bajaji alinitazama usoni, akatazama mchanga uliojaa kwenye viatu vyangu, akajibu kwa upole ule tunaowawekea wagonjwa: "Dada, si ndiyo huu?"

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Novemba, Kikuyu, Dodoma. Chini ya miguu yangu palikuwa na njia pana ya mchanga mweupe uliokauka hadi unapeperuka. Juu yake zilipita alama za matairi, kwato za mbuzi na nyayo za watu wa kwenda kazini. Watoto walikuwa wamesimika miti minne, miwili huku na miwili kule, ikawa magoli. Mama mmoja alikatiza na beseni la maembe kichwani, hana habari na mimi wala na mto. Ungeniambia ni barabara ningekubali. Ungeniambia ni uwanja wa mpira ningekubali vilevile.

Mimi ni mtu wa Kigogo. Si Ugogo, ni Kigogo ya Dar es Salaam, bondeni kwa Msimbazi. Kwetu mto hauulizwi uko wapi, maana pua inakufikisha kabla ya macho. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 yakaja matingatinga kuondoa waliobaki na waliorudi. Sasa kuna mradi mkubwa wa Benki ya Dunia wa kulitengeneza upya bonde zima hadi Jangwani. Msimbazi umefanywa jalala, shamba la mchicha, machimbo ya mchanga na kesi ya mahakamani, lakini katika hayo yote haujawahi kuacha kuwa na maji. Kwa hiyo nilipanda treni kwenda makao makuu nikiwa na kipimo kimoja tu kichwani: mto ni kitu chenye maji.

Treni yenyewe ilijaribu kunionya. Mchongoko, kama watu walivyoubatiza, ukishatoka kwenye mahandaki ya Kilosa unapanda na bonde lilelile ambalo Wajerumani walilifuata walipokuwa wakivuta reli kwenda bara. Wao walifika Dodoma mwaka 1910. Reli yao bado inaonekana chini, imejibana kati ya kilima na mto, kama mtu aliyekaa kitako pembeni ya kiti kisicho chake. Mto huo ni Mkondoa. Ukiufuata kwenda juu unabadilika jina, unakuwa Kinyasungwe, na Kinyasungwe huanzia kwenye ukame wa Dodoma. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliushusha mto huu kwa kishindo, ukaikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Nililifikiria hilo wakati jirani yangu wa kiti, mtumishi wa wizara aliyehamia makao makuu miaka michache iliyopita, akinipa wosia: "Dodoma utaipenda, lakini hakuna maji." Niliangalia nje. Maji ya mji usio na maji ndiyo yaliyong'oa reli.

Nilichokuja kukitazama ni kijito. Nilikuwa nimesoma, kama wengi, kwamba jina la mji mkuu wetu limetoka kwenye tope. Tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akazama, asitoke. Waliomwona wakasema kwa Kigogo, "Idodomya", yaani imezama. Kijito nacho kiliitwa Kikuyu kwa sababu ya mikuyu iliyoota kingoni mwake. (Wageni wengi hudhani kuna koo za Mlima Kenya zilizopotea njia zikafika hapa. Hapana, ni miti.) Basi nilitaka kuona mikuyu, na tope, na ikiwezekana mahali ambapo mnyama mkubwa kuliko wote nchini angeweza kumezwa.

Mikuyu sikuiona. Badala yake, juu ya kingo, kwenye kivuli cha mwarobaini, niliwakuta wazee watatu wamekalia magogo, na redio ndogo imening'inizwa kwenye tawi.

"Mbukwenyi," nilisema. Hilo ndilo neno pekee la Kigogo nililokuwa nimefundishwa njiani.

"Mbukwa," akajibu aliyevaa kofia ya sufu, kisha akanipima. "Wewe si wa huku."

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Baba yako kabila gani?"

"Mhehe."

Akawageukia wenzake. "Jamani, wamekuja kudai ng'ombe."

Walicheka hadi mmoja akalazimika kuzima redio. Mimi nilibaki nimesimama, sijui nacheka nini, mpaka nilipovutiwa gogo. Mzee akanisimulia toleo la pili la jina la mji, ambalo kwake ndilo la kweli, na hilo la tembo ni la kuwaambia watalii. Zamani vijana wa Kigogo walikwenda kusini, upande wa Wahehe, wakaswaga kundi la ng'ombe usiku. Wakawachinja, wakawala wote, wakabakiza mikia. Wenye mali walipofika wakifuata nyayo, waliikuta mikia imesimama wima kwenye tope. Ng'ombe wenu? Hao hapo. Idodomya. Wamezama.

"Na babu zangu waliamini?" niliuliza.

"Walivuta mkia mmoja. Ukatoka mkia."

"Na nyama?"

"Tamu sana, mtani wangu."

Baadaye, nikirudi nilikofikia, niliyaweka matoleo hayo mawili pamoja nikaona kwamba hayabishani. Moja lina tembo, lingine lina wizi wa mifugo, lakini yote mawili yanahitaji tope. Uongo wa mikia ungewezaje kupita mahali ambapo mtu anaona mchanga mkavu kama ule niliousimamia? Hata Mhehe, pamoja na yote tunayosemwa, asingekubali. Lazima palikuwa na ardhi ya kumeza ng'ombe, na kila mtu alijua ipo. Tope hilo limekwenda wapi?

Nilirudi kwa wazee kesho yake na kilo mbili za sukari.

Yule wa kofia alizaliwa wakati mji ulikuwa stesheni, boma, makanisa, misikiti na maduka ya Wahindi. Anakumbuka kijito kikiwa chembamba, chenye majani marefu na vyura. Mvua zikiisha maji yalisimama kwenye madimbwi kwa wiki kadhaa, halafu yakajificha. Yalipojificha, watu waliyafuata. Wanawake walichimba mchangani kwa kibuyu na mikono, shimo likafika kiunoni, wakasubiri. Maji yalikuja polepole, masafi, yamechujwa na mchanga. Kila ukoo ulikuwa na shimo lake na ulilizungushia miiba ya mkambala ili ng'ombe wasilibomoe. Kwa Kigogo maji ni malenga. Nilipomwambia kwamba kwa Kiswahili malenga ni mtunzi wa mashairi alitafakari kidogo akasema, "Basi ni sawa. Wote wawili huwapati ukiwataka."

Kuyalinda maji ni kazi ya zamani katika nchi hii. Karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya Tabora na pwani ilipita Ugogo kwa sababu hapakuwa na njia nyingine fupi, na kila mtemi aliitoza hongo. Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871 wote waliandika kwa manung'uniko marefu juu ya nguo na shanga walizodaiwa. Msomaji wa leo anaweza kudhani ni tamaa tu. Lakini msafara wa mamia ya watu ukitoka kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa ya maana, unafika kijijini na kukausha shimo ambalo familia imelichimba kwa siku tatu. Hongo ilikuwa bili ya maji.

Halafu ikaja reli, na reli nayo ina kiu. Yakajengwa mabwawa madogo vilimani kama lile la Imagi, kusini mwa mji, na baadaye yakalazwa mabomba marefu kuelekea kaskazini. Siku mji ulipopata maji kutoka mbali, kijito cha karibu kilipoteza kazi. Hakuna tena aliyezungushia shimo miiba. Mzee anasema mikuyu ilikatwa kidogo kidogo, mmoja kwa ajili ya kuni, mwingine kwa ajili ya tanuri la matofali, na hakuna aliyekumbuka ni lini ule wa mwisho ulianguka, kwa sababu hakuna aliyekuwa akichota chini yake.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa na TANU mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Ramani ya kwanza, ya 1976, ilichorwa na kampuni ya Toronto, Project Planning Associates. Ninapenda kuiwaza ile ramani. Nyerere hakutaka mji wa minara, na wachoraji wakampa mji wa watembea kwa miguu na mabasi, wenye mashamba na miti katikati ya makazi, na maeneo ya wazi yanayofuata vilima na njia za maji. Kwenye karatasi, makorongo yalikuwa mapafu ya mji. Nje ya karatasi yalikuwa viwanja vilivyo karibu na mjini, vimenyooka, havina visiki, na miezi minane kwa mwaka havina hata tone. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Kati ya sensa hizo mbili serikali ilihamia kwelikweli, CDA ikavunjwa Mei 2017, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na Mji wa Serikali ukaota Mtumba mahali palipokuwa vichaka. Watu wote hao wanahitaji sakafu na kuta, na sakafu na kuta zinahitaji mchanga.

Hapo ndipo mto ulipopata kazi nyingine.

Nilikwenda siku ya tatu nje kidogo ya mji, upande wa Kinyasungwe Ndogo, na vijana wanaopakia tipa. Wanaanza saa kumi na moja alfajiri, wakiwa na makoleo na tochi za kichwani. Lori likirudi nyuma hadi katikati ya mto, wanne wanapanda upande mmoja na wanne upande mwingine, na mchanga unaruka kwa mpigo mmoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Walikuwa wameshachimba hadi kingo zimebaki juu kama ukuta, mizizi ya miti ikining'inia hewani. Nilipouliza hawaogopi mto kuisha, mmoja aliyenyoa kiduku alinijibu bila kusimama: "Mchanga hauishi, sista. Kila mvua unaleta mwingine. Huu mto ni benki."

Niliipenda hiyo kauli kwa nusu saa hivi. Kisha wakati wa chakula, mama lishe aliyeweka meko yake chini ya kingo alitupakulia ugali wa uwele, wa kijivu, unaonata vidoleni, na mlenda uliokaushwa na kusagwa, ukaungwa na karanga. Kwetu pwani tunautania mlenda. Niliula kwa adabu tonge la kwanza, kwa njaa la pili, na la tatu nikaomba nyongeza. Tulipokuwa tunalamba vidole mama huyo alisema kitu ambacho vijana hawakukisikia au walikwishakizoea. Alisema shamba la marehemu baba yake lilikuwa juu kule, akaelekeza kidole kilimani, na kwamba siku hizi huwezi kulima, ni mawe matupu. "Udongo wote umeshuka huku. Hawa wanachota shamba letu."

Kwa hiyo benki ina wenye akiba, ni kwamba hawakuulizwa.

Nimeona mwisho wa hadithi hiyo kaskazini zaidi, Kondoa, miaka kadhaa nyuma. Huko vilima vilichunwa hadi makorongo yakawa na kina cha kuficha nyumba, na mito ikawa mikubwa ya mchanga, mipana kuliko haja yake. Mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 ikafanya jambo ambalo leo hakuna mwanasiasa angethubutu: ikaamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoliwa zaidi. Majani yalirudi. Watu walioswagiwa ng'ombe zao hawakusahau pia, na ukitaja HADO kwa wazee wa huko jiandae kusikiliza hadi jua lizame. Siku hizi Dodoma kuna mtindo mpole zaidi. Mkulima anachagua visiki vinavyochipua shambani mwake, anapogolea matawi machache, anafunga kitambaa, anaacha mti uinuke wenyewe. Wanaita kisiki hai. Niliviona vitambaa hivyo vikipepea kando ya barabara, na mara ya kwanza nilidhani kuna mganga.

Kutoka machimboni nilipakizwa kwenye pikipiki hadi Mzakwe, kwenye visima vya Makutupora. (Usichanganye na Makutupora ya kwenye reli. Ile iko Singida. Nilichanganya, na dereva hakunisamehe njia nzima.) Hakuna cha kutazama. Ni nyika yenye mikambala, uzio, vibanda vya pampu na mlio wa umeme. Lakini kwa miongo mingi mji mkuu umekunywa hasa kutoka hapa, na hapa ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekisimamia kule Kikuyu.

Kina cha maji ya chini ya ardhi ya Makutupora kimekuwa kikiandikwa tangu katikati ya miaka ya 1950, kumbukumbu ndefu ambayo nchi nyingi za joto hazina. Watafiti wa University College London wakiongozwa na Richard Taylor, pamoja na wenzao wa Tanzania, waliichambua na kuchapisha matokeo yake mwaka 2013. Nilivyoyaelewa mimi ni hivi. Mvua ya kawaida ya Dodoma, milimita 500 na kitu kwa mwaka, karibu yote hurudi angani. Jua linainywa, miti inainywa, ardhi ya chini haionjeshwi. Miaka inapita, maji kisimani yanashuka na kushuka. Kisha unakuja msimu mmoja wa kupindukia, mara nyingi wa El Niño, kama ule wa 1997/98, na kwa miezi michache hazina inajaa kuliko ilivyojazwa na miaka mingi ya kawaida. Na njia mojawapo kubwa ambayo maji hayo hushukia, kwa mujibu wa kazi zilizofuata, ni hiihii mito ya mchanga. Mafuriko yanapita juu, mchanga unayanyonya, yanateremka.

Nilikaa kwenye jiwe nikakumbuka mkeka wa mama yangu uliosombwa 1998, na mapicha ya gazeti ya madaraja yaliyokatika. Mwaka ule nchi nzima ililia. Chini ya miguu ya Dodoma, maji ya mwaka ule ndiyo mji uliyoyanywa kwa miaka iliyofuata.

Ni kweli kuna mipango mingine. Bwawa la Farkwa kwenye Mto Bubu, wilayani Chemba, limezungumzwa kwa miaka mingi, na bomba la kutoka Ziwa Victoria vilevile. Hombolo, kaskazini mashariki, waliujengea Kinyasungwe Ndogo ukuta mwaka 1957. Nilikwenda kuliona hilo bwawa, nikala perege wa kukaanga chini ya mti, nikatazama mashamba ya zabibu yaliyopangwa kwa mistari. Ni pazuri kwa jicho. Lakini maji yake ni ya chumvichumvi, na tope la vilimani limekuwa likijaa ndani yake tangu siku lilipofungwa. Mvuvi mmoja alinionyesha kwa kasia: mahali ambapo baba yake hakufikisha mti chini, yeye anasimama.

Mjini nilifikia kwa binamu yangu, Nkuhungu. Nyumba yake ni nzuri, ya vigae, na imejengwa kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi hadi unaingiza mkono. Jirani yake ana tembe la zamani uani, la paa bapa la udongo, ambalo bibi mwenye nalo amekataa livunjwe. Tembe lile limekaa juu ya kituta kidogo. Nyumba zote mpya zimekaa chini. Nilimuuliza binamu kama hakuona tofauti alipokuwa ananunua kiwanja. "Nilinunua Septemba," alisema. Hayo tu. Nadhani nusu ya Dodoma mpya ilinunuliwa Septemba.

Wiki hiyo mgao ulikuwa haujatufikia siku mbili, tukapiga simu boza likaleta lita 5,000 kwenye tenki. Mawingu yalikuwa yanakusanyika kila alasiri upande wa mashariki, meusi, yanang'uruma, yanaondoka. Watu walitembea wakitazama juu. Kwenye daladala za Jamatini, abiria wasiojuana waliulizana kama wanavyoulizana habari za mgonjwa.

Ilinyesha usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Sijui niielezeje kwa mtu wa pwani. Kwetu mvua huanza, na unaisikia ikianza. Hii iliangushwa. Saa nane usiku umeme ulikatika, na katika giza nikasikia binamu yangu akipiga kelele kutoka sebuleni. Maji yalikuwa yameingia chini ya mlango, ya rangi ya chai ya maziwa, na viatu vyote vya familia vilikuwa vinaelea kuelekea jikoni. Tulihangaika na ndoo hadi alfajiri. Yeye alichota ndani akamwaga nje. Mke wake alikinga kwenye mchirizi wa bati akamimina kwenye madumu, na kila walipopishana mlangoni, kila mmoja na ndoo yake imejaa, hawakuangaliana. Mimi ndiye niliyecheka kwanza. Kule uani kwa jirani, bibi wa tembe alikuwa ameketi kizingitini pakavu, anatutazama.

Palipokucha nilichukua bodaboda kwenda Kikuyu. Barabara zilikuwa zimejaa matope na watu waliovaa nguo za kazini wamebeba viatu mkononi. Nilipokaribia nilisikia kabla ya kuona, mlio mzito kama wa mashine ya kukoboa. Korongo lilikuwa limeshuka. Magoli ya watoto hayakuwepo. Pale nilipouliza mto uko wapi, mto ulikuwa unapita, wa rangi ya kahawia, mpana ukuta kwa ukuta, umebeba matawi, madumu, kiti cha plastiki, na kila kitu ambacho mji ulikiweka mahali ulipodhani ni pa bure. Umati ulikuwa umejipanga kingoni kama siku ya mechi. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto juu ili aone.

Ilipofika saa tatu maji yalikuwa yameshapungua hadi magotini, ndiyo kawaida ya mito hii, inakuja kama deni na kuondoka kama mshahara. Ndipo nikaliona tipa. Dereva, sijui kwa uhodari gani, alikuwa ameingia mtoni usiku kuwahi mzigo kabla mvua haijakolea. Magurudumu ya nyuma yote yalikuwa yamezama, na chesisi, na mlango wa dereva hadi kwenye kitasa. Ule mchanga uliokuwa mgumu kama lami wiki nzima sasa ulitikisika ukiutazama. Vijana wapatao kumi, pamoja na yule wa kiduku, walikuwa wamefunga kamba nene nyuma ya bodi, na kamba hiyo ilielea juu ya tope kuelekea kingoni, ikingoja watu.

"Mtani!"

Wazee watatu walikuwa mahali pao, chini ya mwarobaini, wamejifunika mablanketi. Yule wa kofia ya sufu alikuwa amesimama, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na alikuwa anaelekeza fimbo yake kwenye lori.

"Ng'ombe wenu wale wamerudi," alisema. "Mkia ule pale. Nenda kavute, usije ukasema tumekuibia tena."

Nikavua viatu.